Zamu ya Shangazi Kaliroi

Shangazi yangu Kaliroi hana hata simu ya kizamani ya kuchezea gemu la nyoka, lakini aliwahi kupata watazamaji elfu arobaini na hamjui hata mmoja. Kosa langu. Mwezi wa tatu nilimrekodi akiwa amesimama mbele ya tanuri lake, jasho linamtiririka, anaufokea moto kama mtoto aliyechelewa kuamka. "We nawe, unalala saa hizi? Unadhani dengu zitaiva kwa maombi?" Nikaweka muziki kidogo, nikaandika jina la kijiji chetu cha kisiwani huku Ugiriki, Lagadari, nikarusha. Kesho yake simu imejaa mioyo mpaka inapata moto.

Ningejua ile video itatuletea nani, nisingeirusha. Ila nani anajua mambo haya mapema? Mimi kazi yangu ilikuwa kuchekesha watu.

Shangazi ana miaka sitini na moja, mikono minene kama ya baharia, na ulimi ambao hata padri anauogopa. Tanuri ni lake, kabla yake lilikuwa la bibi. Kila Jumamosi jioni kila nyumba ya Lagadari inapeleka kwake chungu cha dengu: dengu, vitunguu, mafuta ya zeituni, maji ya mvua ya kisimani. Yeye anaziba mfuniko kwa unga uliokandwa, anavipanga vyungu ndani kwa mti mrefu, anafunga mdomo wa tanuri, basi. Jumapili tukitoka kanisani tunapita kuchukua. Hakuna anayepika Jumapili hapa. Ukionekana una moshi jikoni Jumapili, watu watauliza una ugomvi gani na Kaliroi.

Na kila chungu kina mahali pake mle ndani. Chetu kinakaa nyuma kabisa kushoto, penye moto mtamu kuliko pote, kwa sababu baba yangu, Nikiforos, ni mdogo wake wa pekee. Foula mwenye mkahawa amelalamika miaka yote kwamba chake kinakaa mlangoni kama mbwa. Shangazi humjibu, "Zaliwa upya, Foula, uzaliwe kwa mama yangu."

Sasa, kitu alichokuwa anakitaka shangazi duniani kilikuwa kimoja. Siyo siri, kijiji kizima kinakijua.

Tuna kanisa dogo chini kwenye mwamba, la Mtakatifu Sostis, nalo lina ikona, ile picha takatifu ya ubaoni, imekuwa nyeusi kwa moshi wa mishumaa. Ikona hiyo haikai kanisani. Inakaa mwaka mzima nyumbani kwa mtu, halafu tarehe saba mwezi wa tisa, siku ya sikukuu, inahamia kwa mwingine. Anayeipokea analisha kijiji kizima siku hiyo, na mwaka wote taa ya ikona haizimwi na mlango wake haufungwi kwa ufunguo, maana yeyote anaweza kuingia kusali wakati wowote, uwe umevaa au hujavaa, shauri yako. Watu wanagombea hiyo heshima. Foleni ni ndefu.

Shangazi alijiandikisha miaka kumi na sita iliyopita. Mumewe, Antipas, alikuwa baharia, na meli yao ilizama mwezi wa pili. Siku tatu hakuna habari. Siku ya nne shangazi akashuka ngazi za mwambani mpaka kanisani kwa magoti, akaweka nadhiri: mrudishe, nami nitakukaribisha nyumbani kwangu mwaka mzima. Antipas akarudi, amekonda, kapoteza kidole kimoja. Akasikia habari ya nadhiri, akacheka, akachonga kinara cha mti wa mvinje cha kuiwekea ikona. Kina maua pembeni na meli ndogo chini. Halafu wakangoja. Mwaka wa kumi na nne Antipas akafa kitandani kwa moyo, kifo cha kawaida tu, na kinara kikabaki pale sebuleni, kitupu, kimefunikwa kitambaa.

Mwaka huu ilikuwa zamu yake.

Mwezi wa tano akaja yule daktari. Daktari wa meno kutoka Athene, jina lake Pafsanias, nywele nyeupe, viatu vya kamba vya bei mbaya. Mgiriki kabisa, ila alikuwa hajawahi kukanyaga kisiwa chetu hata mara moja. Alifika mlangoni kwa shangazi ameshika simu, anaangalia simu, anaangalia tanuri, anaangalia simu.

"Samahani, bibi. Ndiye wewe unayefokea moto?"

"Inategemea nani anauliza," shangazi akasema. "Moto umeshtaki?"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nacheka kimoyomoyo, maana shangazi alikuwa hajui habari ya video. Akamkalisha kivulini. Akamtolea sahani ndogo ya maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, kijiko, na glasi ya maji baridi, kama tunavyomtolea mtu yeyote anayepita mlango. Yule bwana akala kijiko kimoja, akafumba macho. Nikajua tumepata mteja wa kulia.

"Hapa pazuri mno," akasema. "Kwa nini sikuja miaka yote hii?"

"Ulikuwa unang'oa watu meno," shangazi akamwambia. "Nikuongeze?"

Nisimseme vibaya, alikuwa mtu mzuri. Aliuliza maswali, na kusikiliza pia alisikiliza, kitu ambacho wageni wengi hawana. Alipoona kinara kitupu akauliza ni cha nini. Na shangazi akamweleza. Akamweleza yote: meli, magoti, Antipas, kidole, miaka kumi na sita, mlango usiofungwa. Shangazi ambaye hata mimi akinisimulia jambo ananipa nusu. Daktari akatoa leso, akajifuta.

"Hiki kitu," akasema, "ningekipata hata mara moja maishani."

"Jiandikishe," shangazi akasema. "Ukifika themanini utakuwa wa kwanza."

Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka. Nikampiga picha.

Alikaa siku tisa badala ya tatu. Siku ya mwisho baba akampeleka kanisani chini. Baba ndiye mzee wa kanisa, ndiye anayeshika foleni ya ikona kichwani mwake na ndiye anayetaja jina siku ya sikukuu. Alimwonyesha paa. Paa la Mtakatifu Sostis lilikuwa linavuja tangu mimi niko darasa la pili. Ukienda ibada mwezi wa kumi na mbili unakwenda na mwavuli. Mwezi wa sita daktari akarudi, akakodi nyumba ya marehemu Koulis pale juu. Mwezi wa saba mafundi wakashuka melini na mbao. Mwezi wa nane paa likakamilika, jeupe, linang'aa kama meno ya matangazo.

Kijiji kizima kilifurahi. Shangazi aliwapelekea mafundi mkate kila siku.

Nikikumbuka sasa, dalili zilikuwepo. Baba aliacha kupita kwa shangazi kunywa kahawa ya asubuhi. Chungu cha Jumamosi akawa anamtuma mama. Shangazi akinunua kitu cha sikukuu, mbuzi, mvinyo, dengu magunia mawili, anamwambia baba, na baba anasema "vizuri, vizuri" huku anaangalia viatu. Siku moja nikamtania mezani, "Baba, mbona unamkimbia dada yako kama una ujauzito wa siri?" Mama alicheka. Baba aliinuka akaenda kuangalia kuku. Hatuna kuku wengi kiasi hicho.

Tarehe saba. Ibada imeisha, jua kali, watu wote uwanjani mbele ya kanisa, meza ndefu zimeshatandikwa. Shangazi amevaa gauni la kijivu jipya, ameenda saluni ya bandarini, nywele zimekaa kama kofia. Nikamwambia, "Shangazi, unaolewa?" Akasema, "Nyamaza we mtoto, nitalia na sijapaka huu wanja bure." Kwenye mikono yake amelaza kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, miaka mitatu anakidarizi. Ikona haishikwi kwa mikono mitupu.

Mzee Vrettos, aliyekaa nayo mwaka uliopita, akaitoa mlangoni. Baba akasimama kando yake, karibu na padri. Kawaida baba anauliza kwa sauti, "Mtakatifu anakwenda kwa nani?" kisha anajibu mwenyewe kwa kutaja jina, na kengele inapigwa.

"Mtakatifu anakwenda kwa nani?" baba akauliza.

Shangazi alikuwa ameshapiga hatua moja mbele.

"Anakwenda kwa daktari Pafsanias, aliyemjengea paa."

Kengele haikupigwa mara moja. Yule wa kengele alikuwa anamwangalia shangazi, kama sote. Nilisikia Foula nyuma yangu akisema polepole, "Wewe Nikiforos, umefanya nini?" Hata padri hana la kubadili. Ikiwa jina limetajwa mlangoni, limetajwa.

Daktari akatoka katikati ya watu, amelia tayari. Akamjia shangazi kwanza. Akamshika bega.

"Asante, Bi Kaliroi. Nikiforos aliniambia umeniachia kwa moyo mmoja. Sitalisahau hili mpaka nakufa."

Shangazi alimtazama baba, juu ya bega la yule bwana. Baba alikuwa anaangalia paa.

Halafu shangazi akaona kwamba daktari amenyoosha mikono mitupu. Hakuna aliyemwambia. Basi akakiondoa kitambaa kwenye mikono yake, akakilaza kwenye mikono ya daktari, akakinyoosha mkunjo mmoja upande wa kushoto. Mzee Vrettos akaweka ikona juu yake. Kengele ikapigwa. Nilipogeuka tena shangazi hakuwepo, alikuwa ameshaanza kupanda ngazi, gauni limeshikwa kwa mkono mmoja.

Baba alimfuata, nami nikamfuata baba. Tulimkuta kwenye tanuri, amekaa kwenye kigoda, bado amevaa viatu vya sikukuu.

"Dada," baba akasema. "Tuongee."

"Ongea."

"Paa lilikuwa linavuja."

"Najua. Nimedondokewa pale miaka yote."

"Yule bwana hakuomba kitu kingine. Kimoja tu. Sikumwomba mimi, aliniuliza yeye, kama inawezekana hata mwaka mmoja."

"Na ukaona inawezekana."

"Ningemwambia nani asubiri? Foula? Angenivua nguo mbele ya watu. Watu wengine ningeona aibu kuwaambia. Wewe ni dada yangu."

"Kwa hiyo kwangu hukuona aibu."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kuni, sijui nishike nini.

"Nilijua utanielewa," baba akasema.

"Ulijua nitanyamaza," shangazi akasema. "Siyo kitu kimoja. Na ukamwambia nimemwachia kwa moyo. Uliuona wapi huo moyo wangu, Nikiforos? Tangu mwezi wa sita hujanywa kahawa kwangu."

"Mwaka kesho ni wako. Naapa."

"Mwaka kesho ni wa Foula. Amengoja miaka kumi na moja."

"Nitazungumza na Foula."

"Kama ulivyozungumza na mimi?"

Shangazi akavua viatu, akaviweka sambamba chini ya kigoda.

"Niandike mwisho," akasema. "Nyuma ya wote. Nitakuwa na sabini na ngapi? Hesabu wewe, ndiye mwenye foleni. Na sasa nendeni mle. Mbuzi ni wangu, nimeshampika, msimwache apoe."

Tulirudi. Tulimla yule mbuzi. Daktari alikuja mezani kwetu mara mbili kuuliza Bi Kaliroi yuko wapi, na baba akamwambia amechoka.

Jumamosi iliyofuata shangazi akawasha tanuri kama kawaida. Akapokea vyungu kama kawaida, chetu pia, akakiweka nyuma kushoto. Nilimuuliza, "Shangazi, umemsamehe?" Akaniambia, "Dengu hazijanikosea." Nikamuungamia kuhusu video. Nikamwonyesha. Akaitazama mpaka mwisho, akasema tanuri linaonekana chafu. Nikaifuta pale pale. Hakuniomba niifute.

Kisha ukaja mwezi wa kumi na moja, meli zikapungua kuwa mbili kwa wiki, na daktari akaondoka. Ana wagonjwa wake Athene, atarudi Pasaka. Jumatano Foula akapanda kwa marehemu Koulis kuwasha taa, akakuta mlango umefungwa kwa ufunguo. Akazunguka dirishani, akachungulia. Ikona iko kwenye rafu kando ya televisheni, gizani.

Group la kijiji likalipuka. Kwa kawaida lile group ni la kutangaza maji yamekatika na kuulizana paka wa nani. Siku hiyo Foula akaandika: "Mtakatifu kafungiwa ndani. Dhamana lini?" Mwingine akaandika: "Aletewe wakili." Mwingine akaweka picha ya kufuli. Watu mia moja na kumi wanaandika kwa pamoja, na baba ameona yote, tiki mbili za buluu. Nilikuwa nimekaa naye meza moja nikimtazama anavyosoma. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Daktari alimwachia yeye.

Jumamosi hiyo baba alipeleka chungu mwenyewe. Nilikwenda naye, nilitaka kuona. Aliweka chungu chini, akatoa ufunguo, akauweka juu ya mfuniko.

"Dada, wewe uko karibu pale. Na watu wanakuamini. Uwe unapita unawasha taa, mara moja kwa siku, unafunga. Yule bwana ana vitu vyake mle ndani."

Shangazi akajifuta mikono kwa aproni.

"Yaani Mtakatifu ni wa daktari," akasema, "na mimi nimekuwa mfagizi wake."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Niambie wewe linavyosemwa, nami nitalisema."

Baba akakuna shingo. "Taa imezimika, Kaliroi. Siku tatu sasa."

Hilo lilimwingia. Akachukua ufunguo. "Weka chungu hapo na vingine," akasema.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofunga tanuri na kuniita nimsaidie. Tulikibeba kinara cha Antipas kutoka sebuleni kwake, yeye mbele mimi nyuma, na kile kitu ni kizito, Antipas alichonga kama anachongea nyangumi. Tukakipandisha mpaka kwa marehemu Koulis. Akafungua mlango. Akaishusha ikona kutoka rafuni kwa aproni yake, maana kile kitambaa alichokidarizi kilikuwa kimekunjwa chini ya rimoti, akaiweka kinarani, akawasha taa. Akasimama kidogo.

"Sasa nadhiri imetimia?" nikamuuliza.

"Hapana. Hii ni nyumba ya mtu mwingine." Akajipapasa mfuko wa aproni, akatoa bisibisi. "Shika mlango usichezecheze."

Akakifungua kitasa, skrubu moja baada ya nyingine, akakitoa kizima kizima. Mlango ukabaki na tundu ambalo mkono wangu unapita. Tukarudi naye anakining'iniza kidoleni kama samaki.

Jumapili baada ya ibada tukapanga foleni mbele ya tanuri, kijiji kizima, kila mtu na taulo lake la kushikia. Harufu imeshuka mpaka ngazi za chini. Foula alipewa chungu chake, akakinusa, akashangaa. "Leo kimeungua chini kidogo, vizuri. Ulikiweka wapi?"

"Nyuma kushoto," shangazi akasema.

Ikafika zamu ya baba. Shangazi akampa chungu chetu. Unga wa mfuniko ulikuwa mbichi, mweupe. Baba akakishika kwa taulo, halafu akaliondoa taulo, akakigusa kwa kiganja.

"Kiko baridi."

"Ndiyo."

"Umesahau kukiingiza?"

"Sijasahau. Nafasi yako nimempa mtu mwingine." Hakupandisha sauti. Watu kumi na tano nyuma yetu walinyoosha shingo. "Nilijua utanielewa, Nikiforos. Wewe ni mdogo wangu."

Baba alibeba chungu mpaka nyumbani bila kumtazama mtu. Mama akaondoa ule unga kwa kisu. Ndani kulikuwa na dengu mbichi, zimevimba kidogo kwenye maji, na juu yake kitasa cha marehemu Koulis, ufunguo ukiwa umechomekwa ndani yake.

Mama alikaanga mayai. Tulikula mayai na mkate, moshi wetu ukipanda Jumapili saa sita mchana kijiji kizima kikiuona. Kitasa kilibaki katikati ya meza kinadondosha maji. Mama akauliza kama chumvi inatosha. Baba akasema inatosha.